Mwavuli wa Mtembezaji

Mwaka ule maskini tulikula kambakochi. Mtu wa mjini hapa akitaka kukwambia jambo lilitokea lini hatafuti kalenda, atasema tu "mwaka wa kambakochi" na wewe utajua. Ndege zilikuwa haziji, hoteli zimefunga milango, na wale kamba wakubwa wenye sharubu, ambao wavuvi wa Uroa na Bwejuu siku zote huwapeleka jikoni kwa wageni, wakakosa wa kuwala. Basi wakaletwa Darajani kwenye ndoo, kwa bei ya kutupa. Mimi, mwanamke wa kukaanga kachori barazani kwangu, nikawapika kwa tui zito Jumatatu, nikawapika Jumanne, na Jumatano wajukuu wakanuna.

"Bibi, leo tena? Kwani dagaa hakuna?"

Nyumba haina hata sukari, na watoto wanamkataa kambakochi!

Alasiri moja ya mwaka huo alikuja Mtembezaji. Ni jirani yangu. Anakaa ghorofa ya juu, nyumba inayotazamana na yangu, na uchochoro wetu ni mwembamba hata chumvi ningeweza kumrushia dirishani. Kazi yake tangu ujana ni kuwatembeza wageni Mji Mkongwe: kuwaonesha milango na mitaa, kuwalisha, kuwapeleka kwenye taarabu na miziki jioni, na kuwarudisha walikofikia. Alipoanza, hakukuwa na mwanamke mwengine mwenye kazi hiyo. Siku hiyo alikaa barazani, mwavuli wake katikati ya magoti, akamla kambakochi mzima peke yake, akafyonza na miguu, akafuta mikono, akanitazama.

"Shoga, mwaka huu watalii ndo sisi. Inuka nikutembeze."

"Unitembeze wapi? Mimi nimezaliwa hapa."

"Ndo mana hujapaona. Inuka, usinitie uvivu."

Nikainuka. Nikamfuata kwenye vichochoro nilivyopita umri wangu wote na kapu kichwani, macho chini, nisije nikakanyaga maji machafu. Yeye akanitaka nitazame juu. Juu! Kumbe kuna roshani zina nakshi kama lesi ya kanzu, kumbe nyumba ninayopita kila siku ya Mungu ina mlango wenye mnyororo uliochongwa pembeni, kutoka chini mpaka juu, na samaki wawili chini yake. Tukafika Forodhani. Hakuna moshi wa mishkaki, hakuna taa za karabai, hakuna makelele. Paka tu wamekaa wanangoja kama watu wenye ahadi. Akanikalisha pale wanapokaa wageni, akasimama mbele yangu, akainua mwavuli, akaanza: "Na hapa, mheshimiwa..." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini sikukisahau alichonionesha. Nimekuwa mwenyeji wa mji huu siku ile, katika mwaka wa dhiki wenye chakula cha wafalme.

Kwa sura hakuwa mrembo, nisije nikasema uongo. Mfupi, mnene wa chini, jino la mbele limehama, na sauti yake kama mlango wa zamani usiotiwa mafuta. Lakini akitembea watu wanapisha. Buibui jeusi limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, chini yake raba nyeupe za kukimbilia alizoachiwa na mgeni wa Kijerumani, na mkononi mwavuli wa manjano. Wageni humfuata mwavuli ule kama vifaranga, na yeye hageuki nyuma kutazama kama wapo. "Mwenye kunifuata atanifuata," anasema. "Mwenye kupotea, mji mdogo huu, atanikuta kwa kahawa."

Kabla hajawavusha barabara ya Darajani aliwafundisha kuamkia. "Ukimuona mtu mzima, shikamoo. Si 'jambo'. Jambo tuachieni hotelini." Bwana mmoja mrefu kama mnazi aliishika vizuri mno. Alipofika kwangu akainama mbele ya mjukuu wangu, wakati huo wa miaka mitano, akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo!" Mtoto ana kachori kinywani. Akamtazama bwana yule, akameza, akaitikia kwa uzito wa sheha: "Marahaba." Mimi nikataka kusahihisha. Mtembezaji akaniwahi.

"Mwache! Nani atamuamkia tena kabla hajaota ndevu?"

Mjukuu yule sasa yuko chuo, Tunguu, anasomea ualimu, na salamu bado anaitikia kwa uzito ule ule. Mimi skuli niliacha nikiwa mdogo, lakini nimezaa watu. Haya, turudi kwake.

Juu ya chakula alikuwa na sheria nyingi kuliko mahakama. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi, basi. Tumbo la mgeni lisishtuliwe mapema. Alasiri anawaleta kwangu kwa urojo. Asiyeujua urojo, ni mchuzi wa manjano mzito wenye ukali wa embe bichi, unatiwa viazi, bajia, kachori, chatne, pilipili, na juu yake chipsi za muhogo zilizovunjwa. Mgeni kila mara anauliza ndani mna nini. Mtembezaji hajibu. "Kula. Urojo ni kama ukoo wa mtu, ukianza kuuchambua hutolala." Na lazima ukae. Akimuona mtu anakula huku anatembea anamgonga begani na mwavuli: "Mbuzi ndo wanakula wakenda. Kaa, bwana."

Jioni, baada ya magharibi, Forodhani. Miwa iliyokamuliwa kwa tangawizi na ndimu, mkate wa ufuta, mishkaki, na pweza kwa wanaotaka, ijapokuwa yeye mwenyewe pweza hamtii mdomoni. "Ana akili yule," anasema, "ntakula vipi kitu kilichonizidi akili?" Na ile wanayoiita piza, unga unaotandazwa, unatiwa nyama na mayai, unakunjwa, wageni wanaililia. Yeye huwaacha waile, anasimama pembeni kama jamaa wa mgonjwa. "Ule ni mkate wa mayai," ananinong'oneza, "umepata paspoti tu."

Na mimi aliniweza. Mbele ya wageni, kwa Kiingereza, anasema kachori zangu hazina mfano kisiwa kizima. Hilo nimetafsiriwa na wajukuu zangu. Wageni wakishaondoka ananigeukia: "Shoga, leo chumvi umeitia kwa koleo?" Miaka yote hiyo, kwa Kiingereza nasifiwa, kwa Kiswahili natukanwa. Nami nikimwambia, ananijibu kwamba sifa ni za wageni na ukweli ni wa jirani.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliwapeleka watu pwani kila siku na chombo hakupanda. Wageni wakitaka kwenda Changuu kutazama makobe, kisiwa kile pale, unakiona kwa macho, yeye anawakabidhi kwa nahodha, anakaa mchangani na tasbihi mpaka warudi. Vijana wa pwani wakimcheka anasema, "Kisiwa hakina mitaa, nikatembee nini?" Alijua kila mlango wa mji huu, na ufunguo wa mlango wake mwenyewe alikuwa akiupoteza hata nikawa namuwekea mwengine ndani ya kopo langu la unga wa dengu.

Na alikuwa mwongo. Nasema kwa mapenzi. Mlango mmoja wa mtaa wetu nimemsikia akiuhadithia kwamba tajiri aliuchongesha kwa harusi ya binti yake. Wiki ile ile nikamsikia anasema uliwekwa na nahodha aliyepotelea baharini, mkewe akaapa haufungwi mpaka arudi. Nikamwambia, wewe, Mungu hakuoni?

"Ananiona. Wale wa mwanzo walikuwa na huzuni, mume kafiwa na mama yake, nimewapa harusi. Hawa wa leo wamekuja wanachekacheka, wanaweza kustahimili maiti mmoja."

"Na ukweli wenyewe?"

"Mwenye mlango keshakufa. Mlango hausemi. Shoga, we kaanga."

Lakini palikuwa na pahala hapambi. Mkunazini, pale watu walipouzwa kama mbuzi. Wajukuu zangu walipokuwa wakubwa niliwapeleka kwake, niliwataka wayasikie kutoka kwake. Pale hakuinua mwavuli. Alisema maneno machache, makavu, kila mara yale yale, kisha akanyamaza, na akawaacha watu wanyamaze mpaka wenyewe watake kuondoka. Mjukuu wangu mdogo alipotaka kuuliza kitu, alimwekea mkono kichwani tu.

Sasa, habari ya usiku. Wageni wanataka kucheza muziki, wanataka kunywa, wengine hicho ndicho kilichowaleta, na yeye hakuwahubiria. Aliwapeleka mpaka mlangoni. Kisha anakaa barazani ng'ambo ya njia, na buibui lake na tasbihi yake, anakunywa kahawa chungu na mlinzi wa Kimasai, anawangoja. Mtaa ulisema, na mtaa wetu ukisema haunong'oni. Mwanamke mmoja wa hapa, mwenye ulimi, akamkabili mbele yangu.

"Bi mkubwa mzima, mlangoni mwa baa! Huoni haya?"

"Naona haya. Ndo mana nimekaa nje."

Mtembezaji akamalizia: "Nimewaleta na miguu yao, ntawarudisha na miguu yao. Vichochoro hivi vinawameza." Na kweli viliwameza. Mmoja alitoka amelewa, hajui kulia wala kushoto, analia anamtaka mama yake. Mwanamume, si maharimu wake, hawezi kumshika mkono. Basi akamshikisha ncha ya mwavuli, yeye akashika mpini, akamvuta mtaa kwa mtaa mpaka hotelini kwake kama anayemrudisha ng'ombe zizini. Asubuhi kijana yule alikuja kwangu ana aibu, akala urojo. Mtembezaji akamuongezea pilipili, hakumuuliza kitu.

Nimefika kwenye mwavuli. Mtu akiuona alidhani ni wa jua au wa mvua. Hata. Kwa mvua alijifunika mtandio, kwa jua alivumilia. Mwavuli ule ulifunguliwa kwa kitu kimoja tu: kamera. Mgeni akiinua kamera kupiga roshani, mlango, mnara, kanisa, bandari, piga utakavyo. Akiigeuza kwa mwanamke anayekuna nazi mlangoni pake, kwa mzee aliyelala barazani kinywa wazi, kwa watoto wanaotoka chuoni na misahafu yao, pap! Manjano tupu mbele ya macho yake. Na maneno yake yalikuwa hayo hayo, kwa lugha zote alizozidokoa vinywani mwa watu, Kiingereza, Kitaliani, Kijerumani, na Kiswahili kwa anayekijua:

"Mji nitawaonesha. Watu siwaoneshi."

Aliwapeleka mpaka msitu wa Jozani kutazama kima punju, wale wekundu wa mgongo, na huko mwavuli ulikaa umefungwa siku nzima. "Hao wapigeni mpaka mchoke," anawaambia. "Kima hana mkwe wa kumsema."

Watu wengine walimuona mkaidi. Picha ina ubaya gani? Mimi mwenyewe sikuwa nikiona uzito wake mpaka ilipofika harusi ya mjukuu wangu wa kike. Huyu ndiye wa kwanza kuolewa katika wajukuu, na nilitaka mji ujue kwamba mkaanga kachori anaoza. Sasa, harusi zetu zina usiku wa wanawake. Milango inafungwa, mwanamume hapiti, mabuibui yanavuliwa yanatundikwa, na chini yake ndo utamuona mwanamke wa Unguja alivyo: dhahabu, hina, mgongo wazi, nywele zimeachwa, bibi wa makamo anakata kiuno hata ukamsahau. Tunakuwa wetu. Kwa hiyo mlangoni hukaa mtu na kapu, na kila anayeingia anatia simu yake ndani ya kapu, awe mdogo wake bibi harusi, awe mke wa waziri.

Mwenye kampuni moja ya watalii akasikia. Huyu bwana ndiye aliyekuwa akimpa Mtembezaji wageni wake wengi. Kwa ufupi, riziki yake imo mikononi mwake. Akaja nyumbani kwangu, kijana safi, ana maneno ya asali. Anataka wageni wake waingie usiku ule, wanawake watupu, wakae pembeni, wapige picha kidogo. Yeye ataleta viti, taa, mapambo, keki ya ghorofa. Wakwe zangu macho yakawatoka kwa hiyo keki. Mtembezaji alikuwepo, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele wa harusi. Bwana akamgeukia.

"Bi Mkubwa, wewe ndiye utakayewaleta. Wageni wameshachoka na milango. Wanataka kuona maisha."

Hakuinua kichwa. "Mji nitawaonesha. Watu siwaoneshi."

"Ni mara moja tu."

"Bikira naye huwa mara moja tu."

Wanawake wakaangua kicheko, bwana akawa mwekundu. Akasimama. "Basi, Bi Mkubwa, utauonesha mji bila ya wageni wangu."

"Mji upo," akasema, akarudi kwenye mchele wake. Lakini nilikiona kidole chake: kilikuwa kikitupa mchele na kikibakisha mawe.

Usiku wa harusi ndiye aliyekaa mlangoni na kapu. Alizichukua simu zote. Dada yangu alificha yake kifuani. Akaifuata huko huko kifuani, jamani, mbele ya watu. Na katikati ya ngoma akaingia msichana wa kizungu. Wakwe wakanigeukia: si alisema hakuna wageni? Msichana huyu alikuwa amekaa mtaani kwetu miezi, anafundisha, anakuja kwangu kila alasiri kwa kachori. Alikuwa amefunga kanga, mikono ina hina ya kuazima, simu yake imo kapuni. Mtembezaji akapaza sauti yake ile ya bawaba:

"Huyu kaalikwa! Anayetazama husimama. Aliyealikwa hukaa chini. Msogezeeni mkeka."

Akasogezewa. Akacheza vibaya sana, na tukampenda. Kisha Mtembezaji mwenyewe akalivua buibui. Miaka yote ile sikuwahi kumuona bila ya buibui. Alicheza, raba nyeupe miguuni, sina la kuelezea. Watu walimpisha duara. Na hapo nilifahamu analinda nini; sikutaka mtu hata mmoja duniani awe na picha ya usiku ule.

Nanyi mnaosoma, msije mkasema, mbona wewe unamuonesha? Mimi simuoneshi. Nakualikeni. Kaeni chini.

Alilipia ukaidi wake. Msimu uliofuata alikuwa akisimama pembeni mwa Forodhani na mwavuli wake, na wageni wa kampuni wanapita mbele yake nyuma ya vijana wenye vibao. Wale vijana wengi ni yeye aliyewafundisha njia. Wanamuamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," anaitikia, "Marahaba, mwanangu, usiwapitishe pale, pana tope." Alasiri anakuja kwangu, anakula urojo, anasema una chumvi. Hakulalamikia kitu chengine chochote. Nilimuona akiuza mkufu, nikajifanya sikuuona. Kisha pole pole wageni wakaanza kuja wenyewe, mmoja mmoja, wametumwa na waliotembezwa naye zamani: wanafika uchochoroni kwetu wanauliza mwanamke wa mwavuli wa manjano. Mjukuu wangu anawapandisha ngazi. Hakuwa tena na kundi la vifaranga, lakini hakulala na njaa, na mwaka wa kambakochi ulipoisha ulimkuta bado anatembea.

Kilichomsimamisha ni magoti. Mwaka huu hayataki. Amelala juu kule, binti yake amekuja kutoka Uroa kumuuguza, anataka kumchukua kijijini, mama hataki. "Uroa kuna bahari mbele na bahari nyuma," anasema, kitu ambacho si kweli. Nampelekea uji asubuhi, na yeye ananambia kupitia dirishani kwamba mafuta yangu yamezeeka, anayasikia harufu.

Wiki iliyopita nilikuwa juu kwake na uji, bwana wa kampuni akapiga hodi. Nywele zimeanza mvi. Akaamkia kwa adabu, akakaa kwenye kigoda. Akasema amekuja kwa wema, na mimi naamini alikuja kwa wema. Kila mgeni wa zamani anamuuliza habari za Bi Mkubwa. Kampuni itamletea daktari wa mifupa, itamtengenezea chumba. Kitu kidogo tu: wageni watapandishwa, wachache wachache, wamwone. Mwanamke wa kwanza kutembeza mji huu. Wamsalimie pale pale kitandani, wapige picha moja, washuke.

"Wa leo nimekuja nao," akasema. "Wako chini, barazani kwa Bi Kachori hapa."

Binti yake akamshika mama mkono. "Mama, kubali. Daktari, mama. Utatembea."

Mtembezaji ametazama ukuta. Alikuwa kalala na kanga kuukuu, nywele zimekatika, miguu imevimba. Mimi nilimtaka atembee, na sikumtaka aonekane vile, na nilikuwa sijui lipi kubwa. Kisha akauliza, bado uso ukutani:

"Washakula?"

"Bado, Bi Mkubwa," bwana akasema.

"Umenipandia ngazi, umewaacha watu na njaa? Nani aliyekufundisha kazi?" Akageuka. "Buibui langu. Raba. We mtoto, mwavuli uko nyuma ya mlango."

"Mama, hizo ngazi!"

"Ngazi nazijua kabla yako."

Alizishuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto mchanga anayejifunza, binti mbele, mimi nyuma nimemshika kwapa. Bwana wa kampuni aliugeuzia ukuta uso wake mpaka tukapita. Nilipokuwa sawa naye akaninong'oneza, hajanitazama: "Daktari atakuja, Bi. Atakuja peke yake."

Chini tulimvusha uchochoro, akakaa barazani kwangu, akalinyoosha buibui, akazitoa raba nyeupe zionekane. Anatweta, jasho linamtoka, lakini amekaa kama kadhi. "Shoga, wape urojo. Na leo usitie chumvi kwa koleo." Nikawapa. Mmoja akataka kula amesimama, akagongwa na mwavuli, akakaa. Wote wakakaa. Kisha akawaambia watazame juu, na vichwa vyote vikainuka, na sauti ile ya bawaba ikaanza kuuhadithia mlango wake mwenyewe, kwamba tajiri mmoja aliuchongesha kwa harusi ya binti yake.

Mama mmoja wa kizungu, mwenye uso mwema, hakutazama juu. Alikuwa akimtazama yeye, macho yamemjaa maji. Akatoa simu taratibu, akaiinua.

Pap! Manjano tupu. Na nyuma ya mwavuli:

"Mji nitawaonesha. Watu siwaoneshi."